Injini Ilikuwa Sawa

Habari zenu ndugu zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa nafasi niongee, halafu akaniomba nisikimbie. Mmecheka, kwa hivyo mnanijua. Kwa wageni: mimi ndiye yule msichana wa gereji za hapa Kabiro, Kawangware, aliyekuwa akiendesha magari ya mbio, yule mliyempa jina la Raundi Moja. Jina la mtu mwingine sitataja leo. Langu la utani linatosha, na aibu ninayokuja kuisema ni yangu peke yangu.

Wengi mliosimama hapa mbele kabla yangu mmeshuhudia mambo ya njaa, ya kufukuzwa nyumba, ya pombe. Mimi nimekuwa nikiwasikiliza na kulia nanyi. Lakini nyinyi wengi mlionewa. Mimi sikuonewa na mtu. Nilificha kitu kidogo sana, nikaendelea kukificha, mpaka nikamharibia mwenzangu maisha na karibu nimwue. Mkiona naangalia chini nikiongea, msidhani nimesahau maneno. Naona haya.

Nilizaliwa Sarang'ombe, kule Kibra. Mama yangu anauza nguo za watoto Soko la Toi mpaka leo, na ndiye yule mwenye leso ya kijani pale karibu na mlango, anayejifanya hanijui. Alitaka nisomee ushonaji. Mimi nikaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Akasema, "Sawa, chomelea. Lakini ni mwanaume gani atakuoa ukinuka moshi wa gari?" Hilo swali bado tunalitafutia jibu.

Gereji iliyonichukua hapa Kawangware ilikuwa inatengeneza magari ya mbio, yale ya mabomba matupu, hayana mlango wala kioo, yanakimbizwa kwenye mchanga na vumbi. Sasa mafundi mnajua sheria yetu: aliyechomelea gari ndiye anayeliendesha kwanza. Kama chuma kitaachia, kiachie yeye akiwa ndani. Hiyo sheria ndiyo iliyonifundisha udereva. Fremu nyingi nilikuwa nachomelea mimi, kwa hivyo magari mengi nilikuwa nayajaribu mimi. Na ukijua chuma umekishika vizuri kwa mkono wako mwenyewe, huogopi kukikimbiza.

Siku moja mwenye magari, tajiri mmoja mwenye roho nzuri, alikuja kiwanjani akiwa na saa ya kupimia. Akaendesha yeye raundi moja. Halafu mimi nikaendesha kujaribu fremu. Akaiangalia saa, akaitikisa, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavua kofia yake ya mbio, akanipa, na kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa dereva wake.

Niwaeleze kidogo wasiojua. Mbio hizo zina sehemu mbili. Kwanza kila mtu anaendesha peke yake, raundi moja, akipimwa na saa. Mwenye kasi zaidi anapata kuanza mbele. Halafu sasa ndiyo mbio zenyewe, magari yote pamoja, bega kwa bega, vumbi hadi kwenye meno. Mimi ile ya peke yangu hakuna aliyeniweza. Nilikuwa natembea kiwanja chote kwa miguu asubuhi, naweka kichwani kila kona, kila jiwe, kila shimo. Nikikaa kwenye gari ni kama nasoma kitu nilichokwisha kukariri. Mkaniita Raundi Moja, na wakati huo ilikuwa sifa. Na zile mbio zenyewe pia nilikuwa napigana. Nilipata kikombe. Mama alikiweka kwenye meza yake ya mitumba, wateja wakawa wanauliza bei.

Injini ya lile gari ilikuwa mikononi mwa fundi mmoja, mtu wa kutoka mkoa wa Western, mpole, ana bibi na watoto. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, anafumba macho, anasikiliza. Akisema "iko sawa," unajua iko sawa. Tulikuwa marafiki. Tulikuwa tunakula pamoja mchana, na yeye ndiye aliyekuwa akinifunga mkanda kabla ya mbio.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nakata bomba na grinda. Miwani ya kazi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani. Boss wa gereji alitununulia, na sisi tukaitundika kama kalenda. Ukiivaa unatoka jasho, huoni vizuri, na vijana wanakuuliza kama unaenda kuogelea. Chembe ya chuma ikaruka, ikaingia kwenye jicho langu la kushoto.

Sasa mafundi, msiniangalie hivyo, mnajua nilienda wapi. Kila gereji ina daktari wake wa macho. Wa kwetu alikuwa fundi wa kupiga rangi, na kifaa chake kilikuwa unyoya wa kuku. Akanigeuza kope, akapitisha unyoya, akanionyesha chembe juu ya ukucha wake. "Imetoka hiyo. Enda uweke kiazi." Nikakata kiazi kibichi, nikaweka. Mama akasema twende hospitali. Nikamwambia Jumapili kuna mbio. Jicho likawa jekundu, likauma, likatoa maji, likatoa usaha, mwisho likanyamaza. Nikadhani limepona. Kumbe limekufa.

Lilikufa polepole. Kwanza ukungu, halafu kama kuangalia kupitia karatasi ya nailoni, halafu mwanga tu. Na mimi, badala ya kusema, nikanunua miwani nyeusi pale Toi. Wasichana wakasema nimeanza maringo. Nikaacha wafikirie hivyo.

Kuna kupimwa macho kabla ya kupewa ruhusa ya kushindana. Wanakuambia ufunike jicho moja usome herufi ukutani, halafu ufunike lingine. Nikasoma kwanza na la kulia, nikazikariri palepale. Nilipofunika la kulia, nikazitaja zote bila kuziona. Mtu akaandika kwamba niko sawa. Msicheke sana, ndugu zangu. Hiyo ndiyo raundi ninayoionea aibu kuliko zote nilizokimbia.

Kwa sababu mnaona kilichotokea. Ile sehemu ya kuendesha peke yangu, jicho moja lilitosha. Njia nilikuwa nayo kichwani. Nikaendelea kuwa wa kwanza, nikaanza mbele. Lakini magari yote yakiachiliwa pamoja, upande wangu wa kushoto ulikuwa giza. Nilikuwa nasikia gari, sijui liko hatua moja au kumi. Sikujua nikikata kona nitamkata nani. Kwa hivyo nilikuwa napunguza mwendo. Namwacha huyu apite, namwacha na yule. Naanza wa kwanza, namaliza wa mwisho. Jumapili baada ya Jumapili.

Hapo Raundi Moja likageuka tusi. Nikipita stage ya matatu vijana wanaita, "Raundi Moja! Ya pili imekushinda?" Wakasema mwanamke ni mwanamke tu, akiguswa anatoa njia. Kulikuwa na wasichana wa shule, wengine watoto wenu, walikuwa wakija kuniangalia. Wakaacha kuja. Mimi nilijua ni jicho, si woga, na nilinyamaza. Nilipendelea kuitwa mwoga kuliko kuitwa kipofu. Mwoga anaweza kupewa nafasi nyingine, lakini kipofu nani atampa gari?

Tajiri akaniita. Akaniuliza kwa upole, "Shida ni nini? Unaanza vizuri halafu unapotea." Ndugu zangu, nawaambia, uongo haukuja na pembe. Ulikuja kama neno la kawaida tu. Nikasema, "Ni injini. Ikishika moto inachoka."

Injini ikafunguliwa. Hawakuona kitu. Nikasema bado inachoka. Ikafunguliwa tena. Yule fundi akaniuliza, "Inachoka vipi? Inakohoa? Inavuta pumzi?" Nikamwambia inachoka tu. Nikamwona akiweka bisibisi kwenye sikio, akifumba macho, akitafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Mimi nimesimama hapo kando na miwani yangu nyeusi. Baada ya mbio nyingine tajiri akasema fundi abadilishwe. Fundi akafunga vifaa vyake kwenye gunia, akatusalimia wote kwa mkono, mimi pia, akaenda.

Gari likapata fundi mpya. Na mimi nikaendelea kumaliza wa mwisho, ila sasa watu walisema yule wa zamani aliiharibu kabisa ile injini. Maneno ya gereji mnayajua yanavyotembea. Akienda kuomba kazi hapa, wanasema ndiye yule. Akienda pale, ndiye yule. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakula chakula changu na ninasikia.

Sasa nifike pale ambapo nilishikwa na Mungu kwenye kola.

Ilikuwa mbio kama zile nyingine. Nilianza mbele, wakaanza kunipita. Mbele kidogo, kumbe, gari moja lilikuwa limekwama kando ya njia, upande wa kushoto. Mimi nilikuwa nimekasirika siku hiyo, nimechoka na matusi, nikajiambia leo sitoi mguu. Nikakanyaga mafuta. Nikamaliza wa tatu. Watu wakapiga kelele sijawahi kusikia tangu kile kikombe.

Kesho yake gerejini kila mtu alikuwa na ile video kwenye simu. Wananizunguka, wananipiga mgongoni. "Maze, cheki vile amepita! Huyu dem hana woga!" Nikachukua simu niangalie.

Kwenye ile video kuna mtu. Amevaa jaketi ya manjano, ile ya wasimamizi wa njia, ameinama anasukuma gari lililokwama. Gari langu linakuja. Linapita karibu naye mpaka jaketi inapepea. Sikupunguza mwendo, sikukata usukani, kwa sababu mpaka nilipoishika ile simu sikujua kwamba kulikuwa na mtu pale. Wenzangu wanairudisha nyuma, wanaiangalia tena, wanapiga makofi. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilisifiwa kwa ushujaa, na ni kwa sababu sikuona. Nikakaa chini kwenye mafuta machafu. Wakadhani ni furaha.

Mchana wengine walienda kula. Mimi nilibaki na chapati yangu. Mtu akaingia. Alikuwa yule fundi wa injini. Alikuwa amekonda.

"Niaje," akasema.

"Poa. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mimi nilikukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea.

"Nilikosa kazi ya gereji, nikaenda kuomba ile ya kusimama njiani na jaketi, angalau nisikie magari. Jaketi ni ya manjano. Hata rubani wa ndege ya kutoka uwanja wa Wilson angeniona. Na wewe ukanijia mimi. Breki hukugusa. Kazi si ulishanitoa? Ulitaka na roho?"

Hapo ndipo nilijua mtu wa kwenye video ni nani.

Nataka mnielewe, sitaki kujipamba. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nataka kusema breki zilikataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikakumbuka kwamba breki pia zina fundi wake, na yeye ana watoto. Nikaona vile itakuwa: nitamaliza gereji nzima, mmoja mmoja, ili tu watu wasijue kuhusu jicho langu.

Nikatoa ile miwani nyeusi. "Sikukuona," nikamwambia.

"Usinicheze."

"Jicho la kushoto halioni. Ni ile chembe ya grinda. Lilikufa kitambo."

Akazunguka, akasimama upande wangu wa kushoto. Sikumwona, nilisikia tu pumzi yake. "Nimeinua vidole vingapi?"

"Hata sijui kama umeinua mkono."

Akatafuta tairi akakaa. Mimi nilikuwa nangoja matusi. Ningeyapokea yote. Nilikuwa nangoja hata kofi. Akakaa akiangalia mikono yake, halafu akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hivyo injini yangu ilikuwa sawa?"

Nikamwambia ilikuwa sawa. Akasema, "Miezi yote hii naifungua kichwani. Nikilala naifungua. Nimemwambia bibi yangu labda nilikosea kuweka valvu. Siku hizi nikisikiliza injini ya mtu siamini ninachosikia."

Nilijua nilimnyima kazi. Hilo nilikuwa nimezoea kulala nalo. Sikujua kwamba nilimnyima na masikio yake. Mimi nilipoteza jicho kwa upumbavu wangu, yeye akapoteza masikio kwa uongo wangu, na alikuwa amekuja pale akiwa tayari kuamini kwamba yeye ndiye mwenye makosa. Nililia, ndugu zangu, si kulia kwa kujipangusa, kulia kwa makamasi. Yeye hakunibembeleza. Alisema tu, "Basi twende ukamwambie."

Tukaenda kwa tajiri siku hiyo hiyo. Nikasema yote, jicho, herufi za ukutani, injini. Tajiri akasema, "Ungeniambia ile siku ya kwanza, ningekupeleka hospitali kwa gari langu. Magari ninayo mengine. Jicho la kukupa sina." Nikamrudishia kofia yake ya mbio. Akaipokea, na hakuniambia nirudi.

Fundi aliombwa arudi kazini. Alisema atarudi nikisema mbele ya gereji nzima kwamba injini haikuwa na shida. Nikasema. Wengine hawajaniongelesha tangu hiyo siku, na siwalaumu.

Halafu nilijifungia kwa mama Sarang'ombe. Sikutaka kuonwa. Mnajua nani alikuja kunitoa? Bibi ya yule fundi. Mwanamke niliyemlaza na wasiwasi miezi yote hiyo ndiye aliyenishika mkono, pamoja na mama yangu, mpaka kwa daktari wa macho. Njiani aliniambia, "Mimi bado nimekukasirikia. Lakini twende." Daktari akaangalia, akasema kuna kovu mbele ya jicho. Akasema ningekuja likiwa bado jekundu, wangeliokoa. Sasa kilichobaki ni kulinda lile lingine.

Kwa hivyo leo naendesha nini? Siendeshi kitu. Nimerudi kwenye kuchomelea, mageti na madirisha, na nikiwa kazini uso wangu umefunikwa. Aliye karibu nami akiwasha grinda bila miwani, naivuta waya ya stima ukutani. Wananiita mkali, na nimekubali, ni afadhali kuliko jina lile lingine. Na yule daktari wetu wa unyoya, siku hizi akiletewa jicho anasema, "Huu unyoya nimerudishia kuku. Enda kliniki." Msidhani nimepona kila mahali. Jumapili upepo ukileta sauti ya magari kutoka kiwanjani, bado nafunga mlango.

Nawashukuru. Namshukuru Mungu aliyemshikilia yule mtu pale kando ya njia, maana mimi sikumshikilia. Namshukuru mama, aliyekiacha kile kikombe kwenye meza ya mitumba hata baada ya kujua yote. Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki mlionipokea bila kuniuliza kwa nini nimepotea. Na namshukuru yule dada aliyenipeleka hospitali na hasira zake.

Kama kuna funzo, ni hili. Jicho likiwa jekundu, nenda likiwa jekundu. Na aibu ni hivyohivyo. Itoe ikiwa bado chembe, maana ukiificha haikai kwako peke yako, inaenda kutafuta mtu wa kumlaumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikaribia kuumbuliwa na kifo cha mtu mwingine.

Nimalizie. Juzi nilipita gereji fulani hapa Kabiro nikasikia watu bado wanasema, "Usimpe yule kazi, ndiye aliyeharibu injini ya Raundi Moja." Bado. Kusema kwa tajiri hakukutosha, na kusema kwa gereji moja hakukutosha. Ndiyo sababu nilimwomba mwenyekiti nafasi ya leo, kwa maana mafundi wote mko hapa.

Tangu nisimame sijaangalia upande huu wa kushoto wa ukumbi. Si dharau. Ngojeni nigeuke vizuri.

Haya. Sasa nakuona. Umekaa na bibi yako. Ndugu yangu, mbele ya hawa wote: injini yako ilikuwa sawa. Aliyekuwa haoni ni mimi.